Mstari wa Ndama

Nyumbani,
Jumanne, 30 Januari

Kwako mdogo wangu, Profesa wa bweni la wasichana,

Salamu utazikuta mwishoni kama nafasi itabaki. Nina shida na sina subira.

Duka la vyakula vya mifugo halina mashudu ya soya. Hayajapungua, hayapo kabisa. Muuzaji anasema kiwanda cha mafuta kimeacha kukamua soya, na yeye hajui kitaanza tena lini. Hii ni wiki ya tatu Kiburi anakula majani na pumba tupu. Alipozaa mwanzoni mwa mwezi alikuwa anatoa lita kumi na nne kwa siku. Jana nimepata tisa. Leo asubuhi nimekamua mpaka vidole vikafa ganzi, na Baba amesimama mlangoni na mkongojo wake, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefunga kiwanda.

Muuzaji ana magunia mengine: mashudu ya alizeti, ya pamba, ya ufuta. Nilimuuliza yapi yanafaa ng'ombe wa maziwa na kwa kipimo gani, akasema yote yanafaa. Huyo angekuwa na gunia la misumari angesema linafaa.

Wewe una maktaba. Mimi vitabu niliviacha kidato cha pili, Baba alipoanguka kutoka juu ya paa akavunjika nyonga na zizi likahitaji mtu. Sikulaumu, ulikuwa mdogo. Lakini kama umekalia kiti changu, basi kitumie. Tafuta kitabu, niandikie kila kitu, nami nitafuata neno kwa neno.

Baba amesikia mpango huu na hajaupenda. Anasema ng'ombe hawalishwi karatasi. Akaongeza, na hapa nakuandikia alivyosema mwenyewe: "Siku vitabu vyake vitakapoharibu kitu katika zizi hili, atarudi nyumbani ashike ndoo." Kwa hiyo usinitie aibu.

Ndama hajambo. Ni jike, na unakumbuka Baba alivyoahidi mbele yetu wote, Mama akiwa bado hai, kwamba jike la kwanza la Kiburi litakuwa langu. Nimemwita Kisununu kwa sababu ukichelewa na maziwa yake anakupa mgongo. Siku atakapoanza kukamuliwa, maziwa yake ndiyo yatakayonirudisha kwenye masomo, chuo cha ufundi wa umeme. Nimeshapiga hesabu ya miaka. Ni mitatu.

Barua hii inakuja na dereva wa gari la maziwa, maana anapita langoni kwenu. Ikinuka, ni yeye.

Kaka yako

*

Shuleni,
Jumapili, 11 Februari

Kwako Kaka,

Kitabu nimekipata. Kina jalada la kijani na hakiruhusiwi kutoka maktaba, kwa hiyo nimekwenda Jumamosi mbili mfululizo nikanakili kwenye daftari langu, na sasa nakuandikia kutoka kwenye daftari. Sina nafasi kubwa. Mlezi wa bweni anagawa karatasi moja tu kwa kila mwanafunzi siku ya Jumapili, na siku hizi ni fomu za zamani za kukabidhi magodoro, kwa hiyo tunaandika upande mmoja tu, ule usiochapwa.

Mashudu ni kile kinachobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta, na ndani yake ndimo mna protini, ile inayojenga maziwa. Soya inaongoza, lakini si peke yake. Kwa kilo kumi za mchanganyiko:

Pumba za mahindi, kilo sita.
Mashudu ya alizeti, kilo mbili.
Mashudu ya pamba, kilo moja na nusu.
Madini ya mifugo na chumvi, nusu kilo.

Mpe Kiburi kilo moja ya mchanganyiko kwa kila lita mbili na nusu anazotoa. Usimbadilishie chakula ghafla. Anza na kidogo, uongeze kwa siku kumi, maana tumbo la ng'ombe linahitaji muda wa kuzoea. Gunia likae juu ya mbao, lisiguse sakafu. Mashudu yenye ukungu yatupwe, usimwonee huruma muuzaji.

Karatasi inakaribia mwisho na nina neno langu. Usiniite tena Profesa mbele ya dereva. Amefika hapa langoni akauliza kwa sauti, "Profesa wa ng'ombe ni nani?" na sasa bweni zima linaniita hivyo, hata wapishi. Wewe unajua mimi si mtu wa kupenda kutazamwa. Wiki nzima nimekula kwa kujificha nyuma ya nguzo. Unaona ni mzaha, lakini wewe huishi hapa. Naomba uache.

Mdogo wako

*

Nyumbani,
Alhamisi, 8 Machi

Kwako Mheshimiwa Usiyetaka Kutajwa,

Dereva nimemwonya. Amesema samahani, kisha akauliza kama Profesa anaweza kumshauri kuhusu mbuzi wa mkewe.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza Kiburi alinusa mchanganyiko, akapuliza pua, pumba zote zikanirukia usoni. Siku ya tatu alikuwa analamba hori mpaka mbao zikang'aa. Leo nimekamua lita kumi na mbili na nusu. Nimepima mara mbili kwa sababu sikuamini, na Baba akapima mara ya tatu kwa sababu hakuniamini mimi. Kisha nimemwona akipapasa magunia.

Barua yako nimeitia kwenye mfuko wa plastiki na kuipigilia kwenye nguzo ya zizi. Kila asubuhi naisoma kabla sijashika kopo la kupimia. Sijaongeza neno wala kupunguza.

Kitu kimoja. Kisununu ana miezi miwili, na nimeanza kumpunguzia maziwa ili yapelekwe kwenye gari. Badala yake nampa mashudu ya pamba, konzi mbili asubuhi na mbili jioni, matupu, maana alizeti anaitema na pamba anaipenda. Nimefikiri kama yanamjenga mama, yatamjenga na binti. Barua yako haikusema kitu kuhusu ndama. Kama kuna ubaya, niambie. Ukinyamaza nitajua ni sawa.

Anakua, ungemwona. Jana amenisukuma kwa kichwa nikakalia ndoo.

Kaka yako

*

Shuleni,
Jumapili, 18 Machi

Kwako Kaka,

Barua yako nimeipokea nikiwa kwenye foleni ya kuingia chumba cha mtihani, nikaisoma kwa haraka. Nimefurahi sana kuhusu lita kumi na mbili na nusu. Nimemweleza mwalimu wa baiolojia, akasema nisimulie darasani. Nilisimama, nikaona macho yote yananitazama, nikakaa. Lakini alinipa alama za juu kwa maandishi.

Mitihani itaendelea wiki mbili. Nikimaliza nitaandika barua ndefu.

Mwambie Baba ng'ombe wake wanakula karatasi na wanashiba.

Mdogo wako

*

Nyumbani,
Jumatatu, 30 Aprili

Kwa binti yangu,

Nakuandikia mimi mwenyewe kwa sababu kaka yako hatakuandikia, na sitaki uje likizo ushangae.

Ndama amekufa. Wiki mbili alikuwa anahema kama aliyetoka mbioni, na hakuwa amekimbia popote. Aliacha kula, miguu ikawa haimbebi. Ijumaa asubuhi tulimkuta amelala ubavu. Daktari wa mifugo alikuja akampasua ili ajue sababu. Kifua kilikuwa kimejaa maji na moyo umevimba. Akauliza alikuwa anakula nini, kaka yako akamwonyesha gunia la mashudu ya pamba.

Daktari alieleza kwamba mbegu ya pamba ina sumu yake. Ng'ombe mkubwa, tumbo lake linaivunja akipewa kwa kipimo. Ndama bado hana tumbo la namna hiyo. Alimuuliza kaka yako ni nani aliyemshauri kumpa ndama kitu kile. Mimi pia nilimuuliza, mara tatu. Mara zote alisema ni akili yake mwenyewe. Nikamuuliza kama ni wewe uliyemwandikia. Akasema barua yako ilihusu ng'ombe mkubwa tu, na kwamba hakukuuliza.

Kijana wa miaka ishirini na mmoja anamlisha ndama kitu asichokijua, wiki nane, bila kumuuliza mtu. Na ndama mwenyewe alikuwa wake. Nimemtoa zizini. Mwenye kiwanda cha matofali anahitaji watu, nimempeleka huko. Kiburi nitamhudumia mwenyewe na mkongojo wangu.

Wewe soma.

Baba yako

*

Shuleni,
Jumapili, 6 Mei

Kaka,

Sijui nianze vipi bila kutukana, kwa hiyo nitaanza hivi: ulisema utafuata neno kwa neno.

Niliandika. Nakumbuka kalamu niliyotumia. Niliandika kwamba mashudu ya pamba asipewe ndama, na nikapiga mstari chini yake mara mbili kwa rula. Nilikaa maktaba Jumamosi mbili, watu wengine wanacheza mpira wa pete uwanjani, mimi nanakili jedwali la vyakula vya ng'ombe kwa ajili yako. Ukapigilia barua kwenye nguzo kama picha ya kupamba, kisha ukafanya ulivyotaka. Afadhali usingeniuliza.

Na Baba anasema umemwambia hukuniuliza. Kumbe hilo ni kweli. Ungeniuliza ningekujibu siku hiyohiyo.

Kisununu alikuwa ndiye chuo chako. Ulimlisha sumu kwa mikono yako miwili, asubuhi na jioni, ukijisifu kwamba anakua. Unaniita Profesa kwa dhihaka. Mtu anayejua kusoma na hasomi ana tofauti gani na yule asiyejua?

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Unaiona.

Mdogo wako

*

Kiwanda cha matofali,
Jumatano, 9 Mei

Barua yako ya tarehe 11 Februari hii hapa, nimeing'oa kwenye nguzo. Isome neno kwa neno.

Nimeweka na yangu ya tarehe 8 Machi. Nakala, maana ile yenyewe unayo wewe. Nilikuwa naandika kwanza kwa penseli ili nisikutie aibu kwa makosa ya tahajia.

Usiniandikie tena.

*

Shuleni,
Jumapili, 13 Mei

Kaka,

Najua umesema nisiandike.

Nimeisoma mara nyingi. Nimeigeuza, nikasoma mpaka fomu ya magodoro nyuma yake. Mstari wa ndama haumo. Nikaenda kwenye daftari langu na huko umo, chini kabisa ya ukurasa, umepigiwa mistari miwili kwa rula kama nilivyokumbuka. Niliuandika, lakini niliuandikia daftari. Nilipofika mwisho wa karatasi zilikuwa zimebaki nafasi za mistari saba, na zote nikazijaza kwa dereva na wapishi na nguzo niliyokuwa najificha nyuma yake.

Ningeweza kuchana ukurasa wa daftari nikakutumia. Sikutaka kuharibu daftari.

Barua yako ya Machi nimeikuta ndani ya kitabu cha hesabu. Uliuliza. Umeandika kabisa, ukinyamaza nitajua ni sawa. Na mimi nikakujibu kuhusu alama zangu.

Sasa nakuuliza, na unisamehe nikiuliza kwa hasira, maana sina njia nyingine. Kwa nini ulimdanganya Baba? Barua ilikuwa pale nguzoni. Ungenyoosha mkono tu ukamwonyesha. Badala yake umebeba matofali, mimi nimekaa hapa napewa alama za juu, na wiki iliyopita nimekuandikia yale niliyoandika. Uliniacha niyaandike. Ungeweza kuniambia mapema. Uliniacha nijidhalilishe.

Mdogo wako

*

Kiwanda cha matofali,
Jumamosi, 19 Mei

Profesa,

Nimekaa juu ya rundo la matofali mabichi nikisubiri tanuri lipoe. Mikono imepasuka, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Kwa hiyo wewe ndiye uliyedhalilishwa. Nimecheka peke yangu hapa mpaka mwenzangu ameuliza kuna nini.

Unauliza kwa nini nilidanganya. Umesahau Baba alisema nini Januari? Nilikuandikia mwenyewe. Kitabu kikiharibu kitu, unarudi kushika ndoo. Na unamjua, hasemi jambo akaliacha. Daktari alipouliza, Baba alikuwa amesimama hapohapo, uso umebadilika, anatafuta mtu wa kumkasirikia. Nikaona nikitaja barua, kesho yake anakuja langoni kwenu na sanduku. Nyumba hii imeshatoa mmoja shuleni. Inatosha.

Usifikiri ni upole. Sikufanya kwa kuwa nakupenda sana siku ile. Siku ile nilikuwa nimeshika kichwa cha Kisununu mapajani, daktari anatafuta kisu kwenye mkoba wake, na nilikuchukia. Lakini hata nikiwa nakuchukia nilijua hesabu: mimi nilikuwa nimeshapoteza miaka yangu mitatu, na kukutoa wewe shuleni kusingenirudishia hata siku moja. Ni hivyo tu.

Kisha ikaja barua yako ya Mei. Ningeweza kubeba kila kitu, hata macho ya Baba. Ile ya kuulizwa na wewe kama najua kusoma ndiyo iliyonishinda.

Usithubutu kumwambia Baba. Ukimwambia, nitakuwa nimebeba matofali haya bure.

Kaka

*

Shuleni,
Jumapili, 27 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujasimama.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi tatu. Ya kwanza ni barua niliyomwandikia Kaka Februari, iliyokuwa kwenye nguzo ya zizi. Ya pili ni ukurasa wa daftari langu. Nimeuchana leo. Angalia mstari wa mwisho wa kila karatasi. Wa daftari unasema ndama asipewe mashudu ya pamba. Wa barua unaomba nisiitwe tena Profesa. Ya tatu ni barua ya Kaka ya Machi, ambamo aliniuliza kama anafanya sawa. Nilikuwa nayo, na sikumjibu.

Kwa hiyo hakuamua kwa akili yake mwenyewe, na si kweli kwamba hakumuuliza mtu. Alimuuliza mtu mmoja aliyemwamini. Alikudanganya kwa sababu Januari ulisema vitabu vyangu vikiharibu kitu nitarudi nyumbani. Amenikataza kukuambia. Namvunjia neno lake, na nina hakika atanikasirikia kuliko alivyo sasa.

Baba, mimi huwa naogopa hata kukuomba chumvi mezani, unajua. Lakini hili nitalisema. Ulimtoa zizini mtu ambaye kwa miaka minne amekamua kila asubuhi kwa ajili ya nyonga yako na shule yangu. Ulimuuliza mara tatu, na mara zote tatu alikuwa anatulinda, mimi na wewe. Hukuona. Na mimi sikuona. Nina hasira na wewe na nina hasira zaidi na mimi.

Kama nitarudi kushika ndoo, nitarudi. Nitafunga sanduku siku utakayosema. Ila yeye mtoe kwenye matofali kwanza.

Binti yako

*

Nyumbani,
Ijumaa, 1 Juni

Binti yangu,

Marahaba.

Nimesoma mpaka mwisho. Nilisimama mara mbili nikakaa tena.

Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nimekuwa mtu wa kufichwa mambo ndani ya nyumba yangu, kama mgonjwa au kama askari. Kaka yako anatazamana nami ana kwa ana na kunidanganya kuhusu ndama wa Kiburi, ng'ombe wa marehemu mama yenu, na wewe unaniandikia kwamba unaogopa kuniomba chumvi. Hayo ya chumvi yamenikaa kifuani kuliko ya ndama.

Na kuna hili ambalo hakuna mtu aliyeliandika, kwa hiyo naliandika mimi. Kila asubuhi wiki zile nane nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona akimpa ndama zile konzi mbili. Niliona gunia alilochotea. Sikujua kwamba ni vibaya, lakini sikuuliza pia, kwa sababu nilikuwa nimeshasema ng'ombe hawalishwi karatasi na sikutaka nionekane naisoma. Barua yenu ilikuwa nguzoni, usawa wa macho yangu. Daktari alipouliza ni nani, nami nilinyamaza.

Ile kauli ya Januari niliisema nyonga ikiniuma. Naiondoa. Shule utamaliza. Usiichukulie kuwa ni zawadi, maana likizo ikifika zizi ni lako alfajiri na jioni, na utajifunza kukamua mpaka mikono ijue unachokiandika.

Jana nimekwenda kiwandani kumchukua kaka yako. Ni mwendo wa saa nzima kwa mguu huu. Nilimweleza kwamba nimejua kila kitu na kwamba arudi zizini. Alikuwa amebeba matofali sita. Hakuyatua. Aliniambia mbele ya watu wote, "Zizi ni lako, Mzee. Ulisema mwenyewe." Kisha akaendelea na kazi. Anaishi nyumba hii, anakula hapa, na hazungumzi na mimi. Nawe amesema hataki kusikia jina lako.

Nimeandika haya ili ujue kwamba kusema ukweli hakujatengeneza kitu bado.

Baba yako

*

Nyumbani,
Alhamisi, 14 Juni

Kwako msaliti,

Nilikukataza, ukasema. Hilo tutaliongea ukija, na ujiandae.

Nimerudi zizini Jumatatu. Sikurudi kwa ajili yako wala kwa ajili ya Mzee. Nilirudi kwa sababu nilipita nikamsikia Kiburi analia kama mtu aliyefungiwa nje. Mzee alikuwa anachanganya chakula kwa kukadiria kwa macho, siku nyingine pumba tupu, siku nyingine alizeti tupu. Lita saba. Kiburi alikuwa amempiga teke akamwangusha juu ya mkongojo, na Mzee hakumwita mtu. Nilimkuta amekaa sakafuni, anamnyooshea kidole ng'ombe na kumwambia ni mkaidi kama watoto wake.

Nilimnyanyua. Baadaye, akiwa ameshika mkia nisipigwe nao usoni, alisema Kiburi amepandishwa wiki iliyopita, na kama ni jike ni langu, na kama ni dume, linalofuata ni langu. Nikamwambia sitaki ahadi. Akasema si ahadi, anaandika. Kweli ameandika, na kubandika nguzoni, pale ilipokuwa barua yako. Mwandiko mbaya kuliko wangu. Kwa hiyo hesabu inaanza upya. Miaka minne, si mitatu. Nimeandikiwa zamu za mchana tu kiwandani, asubuhi na jioni nipo hapa.

Sasa swali. Soya bado hakuna. Gunia la pamba nimelitoa zizini, siwezi kulitazama. Muuzaji ana mashudu ya ufuta. Je, yanaweza kuchukua nafasi ya pamba, kipimo gani, na kuna ubaya gani? Na ndama atakapokuja, apewe nini, kuanzia lini?

Jibu swali kwanza. Mambo yako baadaye, kama nafasi itabaki.

Sijakusamehe. Usiniulize lini.

Kaka

*

Shuleni,
Jumapili, 17 Juni

Kwako Kaka,

Ndama kwanza. Mashudu ya pamba asipewe kabisa. Apewe maziwa mpaka afikishe miezi mitatu, bila kumpunguzia kwa ajili ya gari. Majani laini na maji safi kuanzia wiki ya pili. Pumba laini zenye alizeti kidogo kuanzia mwezi wa kwanza. Akizitema, mpake mdomoni kidogo kila siku mpaka azoee, usimbadilishie kwa kitu anachokipenda. Kwa pamba, hata akishaanza kucheua vizuri, kitabu kinasema asubiri mpaka avuke miezi sita, na hata hapo kidogo. Mimi nasema tusimpe.

Ufuta unafaa kwa Kiburi. Kilo moja na nusu mahali pa ile ya pamba, vingine vibaki vilevile. Ubaya wake ni kwamba mashudu yake yakikaa yanachacha kwa sababu ya mafuta yaliyobaki. Nunua ya wiki mbili tu, uyanuse kabla hujachota. Yakinuka kama mafuta ya taa iliyozimwa, yatupwe. Umwongezee chokaa ya mifugo konzi moja kwa siku. Mbadilishie kwa siku kumi kama mwanzo.

Nimesoma jedwali lote leo na kulilinganisha na barua hii mstari kwa mstari, nikamwomba mwenzangu wa kitanda cha juu alinganishe tena kwa sauti. Hakuna mstari uliobaki kwenye daftari.

Upande ule mmoja haukutosha, kwa hiyo nimegeuza karatasi na kuandika juu ya fomu ya magodoro, katikati ya maandishi yaliyochapwa. Inasomeka ukiinamisha kidogo kwenye mwanga. Chini kabisa fomu ina nafasi mbili za sahihi, ya aliyekabidhi na ya aliyepokea. Yangu nimeweka.

Mambo yangu hayakupata nafasi.

Mdogo wako